Ukarabati wa MGB

Ukarabati wa MGB ni kazi ya kununua gari la kale la michezo la Uingereza aina ya MGB na kulirudisha katika hali ya kutembea barabarani, mara nyingi katika gereji ya nyumbani na kwa mikono ya mwenye gari mwenyewe. MGB ilitengenezwa mjini Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Kwa kuwa zilitoka zaidi ya 500,000, na vipuri vyake karibu vyote bado vinatengenezwa, watu wengi wanaoanza kazi ya aina hii huichagua. Injini yake ni rahisi kuielewa. Ugumu uko kwenye bodi, ambayo huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Historia ya gari lenyewe

MGB ilitolewa na kampuni ya British Motor Corporation (BMC) mwaka 1962 kuchukua nafasi ya MGA. Tofauti kubwa kati ya magari hayo mawili ni muundo. MGA ilikuwa na chasisi ya peke yake, na bodi ikafungwa juu yake. MGB haina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria. Muundo huo ulilifanya gari kuwa jepesi na lenye nafasi zaidi ndani, lakini pia una maana kwamba bati likioza, kinachooza ni uti wa mgongo wa gari.

Injini ilikuwa ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 1,798, na mwanzoni ilitoa takriban nguvu-farasi 95. Krankshafti ya injini za kwanza ilishikwa na beringi tatu. Tangu mwishoni mwa mwaka 1964 zikawa tano. Gari la kwanza lilikuwa la wazi lenye turubai. Mwaka 1965 likaja toleo la GT lenye paa la bati na mlango wa nyuma. Kulikuwa pia na MGC ya silinda sita (1967–1969) na MGB GT V8 (1973–1976), ambazo ni chache na bei yake ni ya juu.

Mwishoni mwa mwaka 1974 bampa za kromu zilibadilishwa na bampa kubwa nyeusi za mpira, na gari likainuliwa kutoka ardhini ili kutimiza masharti ya usalama ya Marekani, lilikokuwa soko lake kubwa. Magari ya bampa za mpira huuzwa kwa bei nafuu zaidi hadi leo. Kwa mtu anayetaka kuendesha na kujifunza ufundi, si kuonyesha, unafuu huo ni nafasi nzuri, kwa kuwa mitambo ya chini ni karibu ileile. Kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980.

Kuchagua gari

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kusikiliza injini na kusahau bodi. Injini mbovu inaweza kutolewa, kufunguliwa na kurudishwa na mtu mwenye subira. Bodi iliyooza inahitaji miezi ya kukata na kuchomelea, na gharama yake huweza kupita bei ya gari lililokwisha kukarabatiwa. Gari chafu lisilowaka, lakini lenye bati zima, ni afadhali kuliko gari linalong'aa ambalo muuzaji amelipaka rangi wiki iliyopita. Rangi mpya kabisa kwenye gari la kuuzwa ni sababu ya kuuliza maswali.

Namba ya gari hueleza mengi. Namba inayoanza na GHN ni ya gari la wazi na GHD ni ya GT. Tarakimu inayofuata, 3, 4 au 5, inaonyesha mfululizo. Jumba la makumbusho la British Motor Museum, lililoko Gaydon, lina kumbukumbu za kiwanda na hutoa cheti kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya awali na nchi gari lilikopelekwa. Kwa njia hiyo mnunuzi hugundua, kwa mfano, kwamba gari jekundu lilizaliwa jeupe, au kwamba injini iliyomo si ile iliyotoka nayo kiwandani.

Magari mengi yaliyouzwa Marekani yamerudishwa Uingereza. Yale yaliyoishi katika majimbo makavu kama California na Arizona huwa na bodi nzuri, ingawa jua huwa limepasua dashibodi na viti. Usukani wake uko kushoto, lakini unaweza kuhamishiwa kulia.

Kutu

Sehemu muhimu kuliko zote ni vizingiti, yaani maboksi ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kizingiti cha MGB kina bati la nje, bati la ndani na bati la kusimama katikati yake. Yakiwa mazima, maboksi haya mawili ndiyo yanayozuia gari la wazi lisipinde katikati. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujikusanya nyuma ya madigadi, hubaki na unyevu na hatimaye hushuka ndani ya kizingiti. Kutu huanzia huko. Siku doa linapoonekana nje, bati la katikati huwa limekwisha kuliwa.

Ukaguzi wake hauhitaji mashine. Kwanza tazama nafasi kati ya mlango na bodi: ikiwa nyembamba juu na pana chini, gari limeanza kulegea katikati. Kisha fungua na kufunga mlango gari likiwa chini, halafu weka jeki mahali pake, inua upande mmoja na ujaribu mlango tena. Mlango ukigoma, kizingiti hakina nguvu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ipitishwe juu ya bati. Isiponata, chini ya rangi kuna puti nene.

Udanganyifu unaokutwa mara nyingi ni kizingiti cha kufunika. Fundi huchukua bati jipya na kulichomelea juu ya lile lililooza, bila kukata chochote. Kwa nje gari linaonekana imara. Ndani kutu huendelea kama kidonda kilichofungwa bendeji bila kusafishwa, na gari likigongwa ubavuni hakuna cha kumkinga aliyemo. Gari la namna hii ndilo linalowapoteza watu fedha zao, maana waliliona zima waliponunua.

Sehemu nyingine za kukagua ni sakafu, vishikio vya springi za nyuma, sehemu za chini za milango na madigadi, na maboksi ya betri nyuma ya viti. Hadi mwaka 1974 gari lilikuwa na betri mbili za volti 6, na tindikali yake ilimwagikia bati la chini. Tangi la petroli nalo huoza upande wa juu, kati yake na sakafu ya buti, mahali ambapo maji hukaa bila kuonekana.

Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage hutengeneza bodi mpya nzima kwa kutumia vifaa vya awali vya kiwanda. Ni njia ghali, lakini wakati mwingine ni ya busara kuliko kuunga viraka ishirini. Wapo wanaosema kwamba gari lililobadilishwa bodi nzima si lilelile tena. Mjadala huo haujaisha, na mwenye kupanga kuliuza baadaye anapaswa kutunza risiti na picha za kazi yote.

Mahali pa kazi na vifaa

Gari lililofunguliwa huchukua nafasi karibu mara mbili ya gari zima. Milango, viti, injini na madigadi lazima vikae mahali pakavu. Miradi mingi haifi kwa sababu ya ugumu wa ufundi, bali kwa sababu mwenyewe alifungua kila kitu mwezi wa kwanza, akatupa bolti zote katika ndoo moja, na baada ya mwaka hakumbuki kipi kilitoka wapi. Kila sehemu ipigwe picha kabla ya kufunguliwa, na bolti zake ziwekwe katika mfuko wenye maandishi.

Bolti za MGB ni za vipimo vya inchi. Spana ya milimita 13 huingia karibu vizuri kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na hapo ndipo tatizo lilipo: inateleza na kuviringisha pembe za nati iliyoshikwa na kutu. Seti ya spana za inchi ni ununuzi wa kwanza.

Mambo machache yanaweza kuua. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara. Tangi la petroli lisichomelewe hata kama limekaa tupu kwa miaka, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka. Breki na klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, hivyo vumbi lake lisipulizwe kwa hewa bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi huwa na kemikali ziitwazo isosianati, zinazodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizuii. Kazi hiyo ni heri kumwachia fundi mwenye chumba maalumu.

Kuchomelea bodi

Kabla ya kukata kizingiti, uwazi wa mlango hufungwa kwa vyuma vya muda vinavyounganisha nguzo ya mbele na ya nyuma, ili bodi isijikunje. Upande mmoja hukamilishwa kabisa kabla ya kugusa wa pili. Gari lisiachwe likining'inia. Lishikwe karibu na sehemu za springi, kama linavyosimama likiwa barabarani. Mlango urudishwe mara kwa mara ili kuona kama bado unafunga vizuri.

Haraka hapa hugharimu. Bodi ikipinda hata kwa milimita chache na vizingiti vipya vikachomelewa vikiwa hivyo, upotofu huo umefungiwa humo, na dawa yake ni kukata upya. Kazi ikikwisha, ndani ya maboksi hupulizwa nta ya kuzuia kutu.

Injini na klachi

Klachi ya MGB haiwezi kubadilishwa bila kutoa injini. Kwa hiyo injini ikitoka kwa sababu yoyote, mafundi wengi hubadilisha klachi nzima papo hapo, pamoja na beringi yake ya kusukuma, ambayo si ya gololi bali ya kaboni na huisha kwa kusuguliwa.

Mpangilio wa kuwaka kwa silinda ni 1-3-4-2. Nati za silinda hedi hukazwa kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 68, na nafasi ya tapeti injini ikiwa baridi ni milimita 0.38. Kabureta mbili za SU zinapaswa kuvuta hewa kwa kiasi sawa; zikichakaa kwenye mihimili yake, hewa huingia pembeni na injini haitulii hata ikirekebishwa vipi.

Injini hii ilitengenezwa enzi ya petroli yenye risasi, ambayo ilikinga viti vya valvu. Uingereza iliiondoa sokoni kwa matumizi ya kawaida mwanzoni mwa mwaka 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Tiba ya kudumu ni kuweka viti vigumu vya valvu wakati hedi imefunguliwa. Petroli yenye ethanoli asilimia 10, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2021, hulainisha mipira ya zamani ya mafuta. Mipira yote ibadilishwe, maana petroli ikivuja juu ya ekzosi gari huwaka moto.

Umeme

Nyaya zina rangi zenye maana: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa, kijani ni ule uliopita kwenye fyuzi baada ya ufunguo, zambarau ni wa fyuzi isiyotegemea ufunguo, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, na nyeusi ni ya kurudi kwenye bodi. Hitilafu nyingi zinazolaumiwa kwa nyaya ni kutu tu mahali ambapo waya mweusi umefungwa. Magari ya hadi mwaka 1967 yaliunganishwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Anayefunga redio ya kisasa bila kulijua hilo huiunguza mara moja.

Breki, springi na safari ya kwanza

Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za dramu. Mipira yake hubadilishwa hata kama inaonekana mizima. Ekseli ya mbele ina mahali pa kupigwa grisi kila kilomita 4,800 hivi, na wamiliki wengi wamesahau. Magurudumu ya spoku hukaguliwa meno yake ya katikati. Yakilika, gari hugonga linapoanza na linapofunga breki.

Nchini Uingereza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka ikiwa halikubadilishwa sana. Mwenye gari bado anawajibika kisheria likiwa bovu barabarani. Kwa gari lililochomelewa nyumbani, kulipeleka kwenye ukaguzi kwa hiari ni jambo la maana, kwa kuwa jicho la pili huona alichozoea mwenyewe.

Injini iliyofunguliwa huendeshwa taratibu mwanzoni, bila kuilazimisha. Baada ya kilomita 800 hivi nati za hedi hukazwa tena injini ikiwa baridi, kisha tapeti hupimwa upya, kwa kuwa kukaza hedi hubadilisha nafasi yake.