Mwanzo wa ngoma ni lele: Kisa cha wasichana wa The Slits

Mpenzi msomaji, bintiyo wa kidato cha pili akikujia leo jioni na kukuambia kwamba ameanzisha bendi, ilhali hajui hata kushika gitaa, utamjibu nini? Wengi wetu tungemwamuru arudi kwenye vitabu vyake mara moja. Kabla ya kumkaripia, hebu sikiliza kisa cha The Slits.

Bendi hii ya wasichana ilianzishwa London mwaka wa 1976, wakati vijana wa Uingereza walipokuwa wamekumbwa na wimbi la muziki wa panki. Mwimbaji wao, Ari Up, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Viv Albertine, aliyejiunga nao baadaye, alikuwa amenunua gitaa lake la kwanza kwa pauni 200 alizoachiwa na nyanyake. Kulipiga hakujua. Tessa Pollitt, aliyeshika gitaa la besi, naye alikuwa mwanagenzi.

Mwanzoni kelele zilizidi nyimbo. Mitaani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani wasichana waliovaa na kujibeba walivyotaka walichukiwa. Ari aliwahi hata kudungwa kisu barabarani na mwanamume asiyemjua.

Hata hivyo, masikio yao yalikuwa wazi. Katika klabu ya Roxy, ambako mashabiki wa panki walikutana mwaka wa 1977, Don Letts ndiye aliyekuwa akicheza santuri. Kwa kuwa santuri za panki zilikuwa bado chache, alicheza reggae ya Jamaika. Wasichana hawa wakanaswa na besi.

Ikiwa umewahi kupanda matatu yenye spika nzito, bila shaka unaijua reggae. Lakini je, unaijua dabu? Ni mtindo uliokuzwa Kingston miaka ya mwanzo ya 1970 na mafundi kama King Tubby, aliyekuwa pia akitengeneza redio. Fundi huchukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaiondoa sauti ya mwimbaji, akabakisha ngoma na besi, kisha akakirudisha kipande cha gitaa au cha sauti kikiwa kimejaa mwangwi. Katika dabu, kimya nacho ni ala.

Basi The Slits walipoingia studio kurekodi albamu yao ya kwanza, walisimamiwa na mtu aliyeifahamu kazi hiyo barabara. Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados aliyekulia London, alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya reggae ya Matumbi. Angeweza kuwaambia waende wakajifunze kwanza. Badala yake aliwasikiliza, akaona kwamba mawazo yalikuwepo tele, ila yalihitaji nafasi.

Sikiliza wimbo wao uitwao Newtown, unaohusu watu waliotekwa na uraibu, uwe wa televisheni au wa dawa za kulevya. Utasikia kibiriti kikitikiswa, njiti ikiwashwa, kijiko kikianguka. Bovell aliyageuza mambo hayo madogo kuwa ngoma. Mzazi anayeujua uraibu wa heroini ataelewa upesi kijiko na kibiriti vinafanya nini humo.

Albamu hiyo, Cut, ilitoka Septemba 1979 ikiwa na nyimbo 10, na ikafika nambari 30 katika orodha ya Uingereza. Jalada lake lilizua zogo. Wasichana watatu wamesimama vifua wazi, miili imepakwa matope. Si picha ambayo mama wengi wangeitundika sebuleni, na sikulaumu ukiificha kabatini. Muziki wenyewe, hata hivyo, haujachuja. Gitaa linakwaruza, besi inatembea, na Ari anacheka, anafoka na kuimba kwa namna yake mwenyewe.

Bendi ilivunjika miaka michache baadaye. Ari alifariki mwaka wa 2010 akiwa na umri wa miaka 48, na mwaka wa 2014 Viv alichapisha kitabu kuhusu maisha yake.

Lakini hesabu miaka vizuri, msomaji. Kutoka 1976 hadi 1979 ni miaka mitatu ya kufanya mazoezi, kukosea na kuchekwa. Kijana asidhani kwamba santuri hii ilishuka kutoka mbinguni. Na mzazi naye asisahau kwamba nyuma yake kulikuwa na nyanya aliyeacha pauni 200, na fundi aliyekubali kusikiliza kabla ya kusahihisha.

Hatusemi bintiyo aache shule. Kazi ya hisabati afanye kwanza. Akiimaliza, mwambie akupigie hicho alichonacho, nawe uketi umsikilize hadi mwisho.