Bunkeya: soko la Msiri liko vitabuni, lakini vitabu haviko Bunkeya

Mulungwishi, karibu na Likasi. Ni saa kumi na mbili ya asubuhi na malori ya shaba na kobalti yamekwisha kuanza kushuka kutoka upande wa Kolwezi. Katika kituo hiki cha zamani cha wamisionari, ambako leo kuna Chuo Kikuu cha Methodisti cha Katanga, nilikesha nikisoma kwenye telefone kitabu kilichochapishwa London mwaka wa 1889. Mwanafunzi mmoja wa theolojia alinitumia nakala yake. Kitabu kinaitwa « Garenganze », mwandishi wake ni Frederick Stanley Arnot, misionari kutoka Scotland, na mji anaoueleza zaidi ni Bunkeya.

Kwa wengi wetu Likasi na Lubumbashi, Garenganze ni jina la kanisa tu. Wachache wanakumbuka kwamba lilikuwa jina la ufalme, na kwamba soko lake lilikuwa hapo nyuma ya vilima, mwendo wa pikipiki.

« Unaenda kununua mahindi? » dereva aliniuliza tulipoacha lami.

« Naenda kuangalia kama kitabu kinasema kweli. »

Alicheka, akaniomba nishike vizuri, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku. Njiani tuliacha jimbo la Haut-Katanga na kuingia Lualaba. Tangu Katanga igawanywe mwaka wa 2015, Bunkeya, katika teritwari ya Lubudi, iko upande huo. Udongo haukubadilika rangi.

Ukifika Bunkeya leo unaona soko kama masoko mengine ya huku: maharagwe, unga wa mihogo, samaki wakavu, sabuni, kadi za telefone. Mama mmoja aliyeuza chumvi kwa kikombe aliniuliza kama mimi ni mtu wa kampuni ya madini. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya Msiri, alinyoosha mkono kuelekea kwa wazee na kuendelea kupima chumvi yake.

Chumvi! Ndiyo moja ya vitu vilivyoujenga mji huu. Msiri, mwana wa Kalasa, alikuja huku katikati ya karne ya 19 kutoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akifuata biashara ya shaba ambayo baba yake aliijua. Alibaki, akapata bunduki, akawashinda machifu waliokuwa hapa mbele yake, akafanya Bunkeya kuwa mji wake mkuu. Misafara ya mashariki ilikuja na vitambaa na baruti kutoka pwani ya bahari ya Hindi. Ile ya magharibi ilitoka Bihé, katika Angola, ikiwa na njia ya kufika bahari ya Atlantiki huko Benguela. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilitoka. Watu pia waliuzwa, na hilo tusilifiche. Basanga walioona ndugu zao wakipelekwa katika misafara walimwasi Msiri kabla mzungu yeyote hajampiga risasi, na katika familia nyingi za huku bado hadithi hiyo inasimuliwa kwa uchungu.

Arnot alifika Februari 1886, akiwa na miaka 27, kwa njia ya Benguela na Bihé. Alikaa hadi 1888. Baada yake wakaja wengine wa kundi lake, kati yao Dan Crawford, ambaye watu walimwita Konga Vantu, mwenye kukusanya watu. Huyo ndiye aliyetafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga, na mwaka wa 1912 alitoa kitabu chake « Thinking Black ». Kisha kuna Joseph Moloney, daktari wa msafara wa kapiteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II. Kitabu chake kilitoka 1893. Kwa mji wa ukubwa huu, waandishi hao si wachache.

Lakini angalia walikuja kufanya nini. Msafara wa Moloney ulifika Desemba 1891. Tarehe 20 ya mwezi huo, Bodson, Mbelgiji, alimpiga Msiri risasi, na yeye mwenyewe akapigwa akafa. Mfaransa Bonchamps, aliyekuwa katika msafara huo, alisimulia kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kutundikwa juu ya mti ili watu waone. Wapagazi na askari wengi wa msafara huo waliandikwa kazi Zanzibar. Kwa hiyo watu wenye kusema lugha hii ninayoandika walikuwapo siku hiyo, na sijaona kitabu chao.

Mzee aliyenipokea alikuwa amekaa chini ya mwembe, redio imezimwa pembeni. Nilimtafsiria kurasa chache za Arnot, pole pole, kutoka Kingereza. Alisikiliza bila kunikatiza hadi mahali pa mafuvu ya watu yaliyoonekana penye makao ya mfalme.

« Hapo hajadanganya, » alisema. « Lakini muulize mzungu wako, mwanangu: kichwa chake Msiri kiko wapi? »

Nilinyamaza. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke wanakutana Bunkeya kumkumbuka Msiri, na swali hilo linarudi.

Wenyewe pia waliandika. Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri aliyechukua nafasi yake hadi alipokufa 1910, aliacha masimulizi juu ya baba yake. Mjukuu wa ukoo huo, Antoine Mwenda Munongo, alikusanya habari za Bayeke katika « Pages d'histoire yeke », kilichotoka Lubumbashi mwaka wa 1967. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu ambacho mtoto wa shule wa hapa angepaswa kukisoma kwanza, mbele ya Arnot na Moloney. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Watu watatu walisikia habari zake, mmoja aliwahi kukiona mikononi mwa marehemu mjomba wake. Nakala sikuonyeshwa.

Ajabu ni kwamba cha Arnot, cha mgeni, kiko kwenye intaneti bure. Cha mwenye nyumba, mimi binafsi sijakipata huko.

Jua liliposhuka, mzee alimwita mjukuu wake, kijana wa miaka kama 16, akaniomba nimpe kitabu hicho kwenye telefone yake. Kilipita kwa Bluetooth kwa dakika mbili. Kijana alikifungua, akapandisha kurasa kwa kidole, akatafuta picha, akasimama.

« Yaya, hii yote ni Kingereza? »

« Yote. »

Alimwangalia babu yake. Mzee akanigeukia, akauliza nitarudi siku gani kumalizia kusoma. Tulipatana tarehe 20 Desemba, kama barabara itapitika.