Nakala Isiyotolewa: Michezo ya Zamani ya Video kama Maandiko ya Kuhakikiwa

Mwanafunzi wa lugha anapofundishwa uhakiki wa maandiko, huambiwa alinganishe miswada, atafute ipi ilitangulia, na aeleze kila tofauti. Wapo watu wengine wafanyao kazi hiyohiyo bila kupita katika kitivo chetu: wakusanyaji wa michezo ya video ya zamani, hasa wale wanaotafuta nakala za majaribio ambazo hazikufika sokoni. Makala haya yanaeleza kazi yao, kisha yanauliza inatuhusu nini sisi wa Kolwezi.

Nakala ya majaribio ni nini? Kabla mchezo haujauzwa, watengenezaji huandika programu yake katika chipu inayoweza kufutwa na kuandikwa tena, iitwayo EPROM. Chipu hiyo ina kidirisha kidogo cha kioo. Mwanga wa urujuanimno ukipita hapo hufuta maandishi yote, ndiyo sababu kidirisha hufunikwa kwa karatasi ya gundi, na mara nyingi juu yake huandikwa kwa kalamu jina la mchezo na tarehe. Kaseti ya dukani ni tofauti: programu yake huwekwa kiwandani mara moja, na haibadiliki. Basi kaseti ya dukani ni kama kitabu kilichopigwa chapa, na nakala ya majaribio ni kama mswada wenye masahihisho ya mwandishi.

Mfano unaowafaa zaidi wanalugha ni mchezo wa Kijapani uitwao Mother, uliotolewa na Nintendo mwaka 1989. Tafsiri yake ya Kiingereza ilikamilika mwaka 1990, lakini haikuuzwa. Wakati huo mashine mpya, Super Nintendo, ilikuwa inakaribia. Mwaka 1998 kaseti moja ya majaribio ilipatikana, na kikundi cha wapenzi wa michezo kikanakili yaliyomo na kuyasambaza. Papo hapo likazuka swali ambalo kila mhakiki analijua: je, ni ya kweli, au kuna mtu aliyejitafsiria nyumbani?

Jibu lilitoka katika maandiko yenyewe. Nakala ya Kiingereza ilikuwa na mambo yasiyokuwamo katika ile ya Kijapani ya 1989: mwisho mrefu zaidi, uwezo wa mhusika kukimbia, na baadhi ya picha zilizobadilishwa, kama misalaba ya makaburini iliyoondolewa. Mwaka 2003 Nintendo ilipotoa mchezo huo upya nchini Japani, marekebisho hayo yalionekana ndani yake. Mtu wa nje asingeweza kuyabuni yafanane hivyo. Hatimaye, mwaka 2015, kampuni ilitoa rasmi tafsiri hiyo ya Kiingereza. Kazi ya mfasiri ilikuwa imekaa miaka 25 ikingoja, na kwa miaka 17 kati ya hiyo walioisoma waliipata kwa sababu kaseti moja haikutupwa.

Wakusanyaji hutumia pia ushahidi wa chombo chenyewe. Chipu nyingi zina namba inayoonyesha mwaka na juma zilipotengenezwa. Nakala inayodaiwa kuwa ya 1990 haiwezi kuwa katika chipu ya 1993. Sisi huchunguza karatasi na wino wa mswada kwa nia ileile.

Kuna ugomvi katika kazi hii. Wengine husema aliyenunua nakala ya pekee ana haki ya kuifungia kabatini, maana akiinakili kwa wote thamani yake itashuka. Na thamani hiyo si ndogo: mashine ya majaribio iliyotokana na ushirikiano wa Nintendo na Sony iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2020 kwa dola 360,000. Wengine hujibu kwamba EPROM hupoteza maandishi yake polepole kadiri miaka inavyopita, hivyo anayefungia leo huenda kesho akamiliki chipu tupu. Juu ya hayo ipo sheria, kwani mwenye kaseti siye mwenye haki ya mchezo. Lakini hasara inaonekana wazi hata kwa michezo iliyouzwa: utafiti uliotolewa mwaka 2023 na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni.

Haya yanatuhusuje? Mtu wa Kolwezi atajibu kwanza kwa madini. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na betri za kuchaji za mashine za mkononi, kama PSP ya 2004, ni za jamii ya lithiamu-ioni, ambayo kwa kawaida ilihitaji kobalti. Shaba nayo ndiyo njia ya umeme katika kila kaseti. Jibu hilo ni sahihi, ila linatuacha tukiwa watoa mawe tu. Lipo jibu la pili.

Mwaka 1965, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wake, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Andiko hilo, Vocabulaire, halikupitia kwa mchapishaji yeyote. Herufi na mipaka ya maneno yake haikufuata kanuni za shule, kiasi kwamba kulisoma kimyakimya kulishinda. Johannes Fabian alipolishughulikia, Kalundi Mango alilisoma kwa sauti, na maana ikafunguka masikioni. Mwaka 1990 likatolewa kitabuni pamoja na tafsiri na maelezo. Angalia ulinganifu: programu ya zamani haisomeki mpaka ichezwe, na andiko la Yav halikueleweka mpaka litamkwe. Yote mawili yaliponea chupuchupu.

Basi tutazame vibanda vya michezo vya mitaani kwetu. Mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya 1983 zilienea Afrika, na kaseti zake hudai kubeba mamia ya michezo, kumbe ni michezo michache iliyorudiwa kwa majina mengine. Nani amewahi kuorodhesha majina hayo? Nani ameandika jinsi wachezaji walivyoyaita kwa Kiswahili chetu, neno walilotumia kwa kufa na kufufuka ndani ya mchezo, na Kifaransa cha manette kiliingiaje katika sentensi zao? Mashine ikiharibika, mara nyingi huvunjwa kwa ajili ya vipuri au shaba yake. Maneno hayana hata bei ya chuma chakavu.

Kazi hii haihitaji dola 360,000. Inahitaji daftari, simu ya kupiga picha kaseti pande zote mbili, na saa moja ya kumsikiliza mwenye kibanda akisimulia, kwa ruhusa yake. Andika tarehe, mtaa, na maneno kama yalivyotamkwa, bila kuyasahihisha yawe Kiswahili sanifu. Atakayekuja baada yetu ndiye atakayejua kipi kilikuwa na maana, tusimpunguzie ushahidi.