Daftari Moja kwa Watu Walio Mbalimbali

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza kwa nini Kamati imetoa fedha za chama kununua simu mbili za kisasa na kulipia intaneti, na hali majamvi ya kuanikia hayatoshi. Swali hili ni la haki, nasi twaona imetupasa kulijibu kwa urefu kidogo.

Mnakumbuka msiba wa majamvi wa msimu uliopita. Daftari ya vitu vya kuazima zilikuwa mbili, moja Unguja na moja Pemba. Kila karani aliandika katika yake, na kila Ijumaa wakipigiana simu kulinganisha. Ijumaa moja simu haikupigwa. Unguja ikaandikwa kuwa majamvi 40 yako ghalani Pemba; Pemba ikaandikwa kuwa yamekwisha vushwa. Wenzetu waliokuwa wakiyangojea wakakaa siku tatu na karafuu mbichi zimerundikwa, na mvua ikazikuta. Makarani wote wawili ni watu waaminifu, wala hatukubali maneno yaliyosemwa juu yao. Kosa lilikuwa la kuwa na daftari mbili.

Biashara kubwa za ulimwengu nazo zimeingia hasara za namna hii, tena za fedha nyingi kuliko zetu. Zamani za barua pepe peke yake, waraka mmoja ulikuwa ukipelekewa watu watano, kila mmoja akautengeneza kwa upande wake, na mwisho zikawako nyaraka tano, hapana ajuaye ipi ya kweli. Dawa yake ni waraka ukaao mahali pamoja, na kila mtu, popote alipo, hufungua ule ule. Kampuni ya Google ilitoa waraka wa namna hiyo mwaka 2006, na baadaye kampuni nyingine nyingi zikafanya vivyo hivyo. Karani wa Wete akiandika neno, karani wa mjini aliona papo hapo. Tena waraka wenyewe hukumbuka nani amebadili nini, na saa ngapi. Kwa chama chenye fedha za watu hilo ni jambo kubwa. Daftari ya karatasi haiwezi kusema nani aliyefuta.

Kuna kisa kimoja kinachotupendeza. Mwaka 2009 ilianzishwa kampuni ndogo, Tiny Speck, kutengeneza mchezo wa kompyuta. Watu wake walitawanyika, wengine Vancouver katika Kanada, wengine San Francisco na New York katika Marekani. Kwa kuwa hawakuweza kukaa chumba kimoja, walijitengenezea chombo cha kuandikiana ambacho maneno yote hubaki, yakapangwa kwa kila kazi, na mtu akayatafuta hata baada ya miezi. Mgeni aliyeajiriwa leo aliweza kusoma kwa nini jambo liliamuliwa vile mwaka uliopita, pasi na kumsumbua mtu. Mchezo wenyewe haukufaulu, ukafungwa mwaka 2012. Lakini kile chombo chao waliona hawawezi tena kufanya kazi bila yake, wakakiuza kwa wengine kwa jina la Slack. Mwaka 2021 kampuni ya Salesforce iliinunua Slack kwa dola bilioni 27.7. Mchezo ulikufa, na daftari ya walioutengeneza ikawa ndiyo mali.

Je, faida yaweza kupimwa? Imepimwa. Kampuni ya Kichina iitwayo Ctrip, yenye kuuza tiketi za safari na vyumba vya hoteli, ilifanya jaribio huko Shanghai kwa miezi tisa tangu Desemba 2010. Makarani wa simu waliojitolea waligawanywa kwa bahati ya tarehe zao za kuzaliwa: wengine wafanye kazi nyumbani siku nne kwa juma, wengine wabaki ofisini. Kompyuta na simu zilikuwa za namna moja. Wa nyumbani walizidi kwa kazi asilimia 13, na walioacha kazi walipungua nusu. Ila wengi walilalamika upweke, na walipopewa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili. Ajabu ni kwamba hapo ndipo faida ilipopanda hata kufika asilimia 22, kwa maana kila mtu alikaa panapomfaa.

Mazungumzo ya kuonana kwa picha mwayajua, khasa tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga ofisi. Yanafaa kwa shauri la haraka na kwa kuonyesha ugonjwa wa jani bila ya kungoja chombo cha baharini. Lakini mkutano usioandikwa, uwe wa barazani au wa simu, ni maneno ya upepo.

Wala hatusemi kuwa vyombo hivi havina upungufu. Kampuni ya Microsoft iliangalia kazi za watu wake zaidi ya 61,000 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020, na khabari yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Ilionekana kuwa wakiwa mbali, kila kikundi kilizidi kuzungumza chenyewe kwa chenyewe, na wakati uliotumiwa pamoja na watu wa vikundi vingine ulipungua kama robo. Sisi tunaotenganishwa na bahari yatupasa kulitazama hilo sana. Ndiyo maana Kamati haikufuta safari ya wajumbe wa Pemba kuja kwenye mkutano mkuu, ingawa kuna waliotaka nauli hiyo iokolewe.

Sasa daftari ya majamvi na magunia ni moja, nayo imo ndani ya simu zote mbili. Mwanachama yeyote aweza kwenda kwa karani wa tawi lake akaomba aonyeshwe jina lake. Akikuta hesabu siyo, aseme hapo hapo, iandikwe mbele yake. Pasipo na mtandao, karani ataandika katika karatasi na kuingiza siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Ile daftari ya zamani ya kila tawi imefungwa, na isiandikwe tena.