Ramani Isiyomaliza Bando

Zahanati inapotaka kuonyesha ilipo kwenye tovuti yake, inahitaji alama moja na barabara mbili tatu za kuifikia. Badala yake, ukurasa hubebeshwa mtambo mzima wenye foleni za magari na picha za mitaa, na anayelipia mzigo huo ni mgonjwa mwenye bando la siku. Uzito huo hauna ulazima wowote.

Ramani za mtandaoni hukatwa vigae vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kila upande. Mwanzoni dunia nzima hutosha kwenye kigae kimoja. Ukikuza hatua moja, kila kigae huzaa vinne. Hatua ya 18, nyumba mojamoja zinapoonekana, vigae vimeshapita bilioni 68. Idadi inatisha, lakini kioo cha simu cha pikseli 360 kwa 640 hakionyeshi zaidi ya vigae 12 kwa mara moja, na kivinjari huagiza vile tu vinavyohitajika. Programu ya kuvipanga nayo ni ndogo: Leaflet, aliyoitoa Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011, ina takriban kilobaiti 42 za JavaScript ikishabanwa. Picha moja ya simu huizidi mara nyingi. Hata kilobaiti hizo 42 zinaweza kusubiri: iwekwe picha tuli kwanza, ramani yenyewe ipakuliwe msomaji akiigusa.

Wapo watakaosema ramani huria, zinazochorwa na umma kama OpenStreetMap, zina mapengo. Zinayo, lakini hayako kila mahali. Kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwemo, hadi mifereji yake, wakaiingiza kwenye OpenStreetMap.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la seva. Seva za vigae vya OpenStreetMap huendeshwa kwa michango, na masharti yake hayaruhusu matumizi mazito. Kuvichota ovyo ni kumtwisha mwingine mzigo uliojitua. Hapo ndipo muundo wa faili uitwao PMTiles unapofaa: vigae vya wilaya nzima hukaa ndani ya faili moja kwenye hifadhi ya kawaida, na kivinjari huomba kipande kinachohitajika tu, bila seva maalumu ya ramani. Kwa kampuni ya teksi inayotegemea hali ya foleni, hayo hayatoshi. Yenyewe inunue huduma kamili. Zahanati haina foleni ya kufuatilia, isipokuwa ile ya dirisha la dawa.