Damu Ikivuja Ndani ya Ubongo

Mtu akianguka ghafula, mdomo umekwenda upande na mkono mmoja umelegea, watu wa nyumbani husema ni kiharusi, na mara hutokea mwenye huruma na vidonge vya aspirini. Mimi nami nilidhani ndivyo ifaavyo, hata nilipojifunza kwamba viharusi ni vya namna mbili. Katika namna moja mshipa wa damu ubongoni umeziba. Katika nyingine mshipa umepasuka na damu inamwagika. Aspirini huizuia damu isigande. Basi aliyeziba mshipa yaweza kumfaa, lakini aliyepasuka mshipa huzidi kuvuja. Na kwa kumtazama mgonjwa tu, hata daktari hodari hawezi kujua kwa yakini ni namna ipi.

Ndiyo sababu mgonjwa hupigwa kwanza picha ya kichwa kwa mashine ya CT, iliyotumiwa mara ya kwanza kwa mgonjwa huko London mwaka 1971. Damu iliyovuja karibuni huonekana nyeupe katika picha hiyo.

Fuvu ni mfupa, halitanuki kama tumbo. Damu ikimwagika humo, ubongo husongwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya madaktari ni kulizuia dimbwi lile lisikue, na saa za kwanza ndizo za hatari. Shinikizo la damu, ambalo pengine hupita 200, hushushwa kwa dawa za kupitia mshipani mpaka karibu 140. Kama mgonjwa alikuwa akinywa warfarini, nguvu yake huvunjwa kwa vitamini K na dawa nyingine za kugandisha damu upesi. Homa hutulizwa, na sukari ya damu huangaliwa. Uchunguzi uitwao INTERACT3, uliotangazwa mwaka 2023, ulihusu wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10. Ulionyesha kuwa mambo hayo yakifanywa yote pamoja, na upesi, wagonjwa hupata nafuu zaidi.

Mwenzangu mmoja aliuliza, mbona kichwa kisipasuliwe damu ikachotwa? Hufanywa, hasa dimbwi kubwa likiwa katika ubongo mdogo ulio kisogoni. Lakini si kila mara, maana njia ya kulifikia yaweza kuharibu sehemu zilizo salama.

Nyumbani, basi, msimpe mgonjwa kidonge, chakula wala maji, kwani huenda hawezi kumeza. Akiwa amezimia, mlazeni ubavu. Tazameni saa, mkumbuke ugonjwa ulianza lini, kisha mpelekeni hospitali mara moja. Saa hiyo daktari ataiuliza.