Kustaafu na kurudi Mitwaba: tupige hesabu kwanza

Bwana akikaribia pensheni, wazo la kwanza huwa hili: tuuze parsele ya Lubumbashi, turudi kwetu Mitwaba. Tunalielewa. Mjini kila kitu ni cha kununua: unga wa bukari, makala, hata maji. Kule muhogo unalimwa, sombe iko nyuma ya nyumba, kuni ziko porini.

Lakini kutoka hapa hadi Likasi ni lami. Mbele yake ni udongo, na mvua za Novemba huugeuza matope. Mwenye sukari au presha anataka dawa kila mwezi. Nauli itatoka wapi? Na pensheni yenyewe tutaipokelea wapi? Tena wengi wetu tulikimbia kule wakati wa Mai-Mai, kabla Gédéon Kyungu hajajisalimisha Mitwaba mwaka 2006. Nyumba zimeanguka, mashamba yanalimwa na wengine.

Linalotusumbua zaidi ni jambo la mjane. Sheria ya Jamaa ya 1987 inamwachia mke haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na marehemu. Kijijini, shamba hutoka kwa chifu na ukoo wa bwana. Wakwe wakikunja uso, karatasi ya serikali haisaidii haraka. Kwa hiyo parsele isiuzwe. Ipangishwe, na hati ibebe majina ya wote wawili. Anayetaka kurudi ajaribu kwanza msimu mmoja wa mvua, maana wakati wa kiangazi kila barabara ni nzuri.